Jino Lililoacha Kuuma Halijapona

Mtwara, kama sehemu nyingi za nchi, mtu mzima huenda kwa daktari wa meno akiwa ameshika shavu. Ameshameza vidonge vya maumivu, amesukutua maji ya chumvi, ameng'atia karafuu. Akifika Hospitali ya Ligula anachoomba ni kung'olewa, na mara nyingi kweli hakuna la zaidi, kwa sababu jino limechelewa.

Limechelewa kwa kuwa jino haliumi mapema. Tabaka lake la juu, enameli, ndilo gumu kuliko kitu chochote mwilini, wala halina neva. Bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno, hasa Streptococcus mutans, hutumia sukari tunayokula na kutoa asidi. Asidi ikizidi, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Mate huyarudisha kidogo kidogo, ila yanahitaji muda. Anayeanza siku na chai ya sukari, akanywa soda saa nne, kisha akatafuna visheti alasiri, hayapi mate nafasi hiyo. Kitundu kinakua miezi, hata miaka, kimyakimya. Kikifika kwenye dentini, maji baridi huanza kuchoma. Kikigusa kiini chenye neva na mishipa ya damu, usingizi hauji tena.

Kisha hutokea jambo linalowaponza wengi: maumivu yanakoma. Mtu anashukuru kwamba dawa imemfaa, kumbe kiini kimekufa. Usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi, na maambukizi yanaweza kuenea chini ya ulimi na shingoni hadi yakaziba njia ya hewa. Watu hufa kwa jino, na wengi wao wangepona wangefika mapema.

Huku kwetu kwenye korosho nina neno la nyongeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kuwa asidi zilizomo kwenye mafuta ya ganda la korosho huua, maabarani, bakteria hao hao wanaoozesha meno. Lakini kila aliyewahi kubangua anajua mafuta hayo yanavyobabua vidole. Fizi ni laini kuliko vidole. Msiyatie mdomoni.

Jino linaloonwa mapema halihitaji koleo, na hili Tanzania ina haki ya kulisema kwa sauti. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza kutumika hapa nchini, katika mpango wa afya ya kinywa ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa saruji maalumu inayogandamana na jino. Haihitaji umeme, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa vijiji kama Kilambo na Msimbati, sioni njia inayofaa kuliko hiyo. Sharti ni moja: tundu lisiwe limefika kwenye kiini.

Fizi nazo huharibika kwa ukimya uleule. Utando usioondolewa huwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Huondolewa kwa vifaa vya daktari. Damu wakati wa kupiga mswaki ni dalili, si jambo la kawaida. Mwenye kisukari awe makini zaidi, kwani sukari ikipanda fizi huumia, na fizi zikiumia sukari huwa ngumu kushuka.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2004 ulisema mtu mzima apimwe kila baada ya muda wa kati ya miezi 3 na miaka 2, kulingana na hali ya kinywa chake. Kwa wengi wetu, mara moja kwa mwaka ni kipimo kizuri, na Mtwara mwaka una alama yake: malipo ya korosho. Ndipo watu wanaponunua mabati na kulipa ada. Anayevuka kutoka Msangamkuu kwenda mjini kwa shughuli hizo apite na kwa daktari wa meno, hata kama hakuna kinachouma.

Ila kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, hasa kwa mvuta sigara au mtumia ugoro, kisisubiri msimu. Hicho kionwe wiki hiyohiyo, maana saratani ya kinywa hutibika vizuri zaidi ikiwa bado ndogo.