Jalada la jarida na macho ya mwanafunzi

Katika parokia zetu nyingi, kuanzia Morogoro mjini hadi Mgeta na Matombo, majarida ya Kanisa huwekwa mezani karibu na mlango. Baada ya Misa wazee husimama, hununua na kuondoka. Wanafunzi wa sekondari hupita. Tumezoea kusema kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, ilhali vijana hao hao hupokezana nakala moja ya jarida la Fema mpaka linachakaa. Jarida hilo lilianza mwaka 1999 kwa jina la Femina, na limekuwa likigawiwa bure katika shule za sekondari nchini.

Jalada lake lina nini? Mara nyingi ni uso wa kijana Mtanzania, mkubwa, unaomtazama msomaji. Jicho la mwanadamu hutafuta jicho jingine kabla ya kutafuta maandishi. Hata mtoto mchanga hufanya hivyo. Ndiyo maana picha ya Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, huwavuta wanafunzi upesi: amevaa fulana nyekundu, ana begi mgongoni, kama mwenzao wa darasani.

Sasa tuyatazame majalada yetu wenyewe. Mengi huonesha meza kuu, au uzinduzi wa jengo, watu ishirini wamesimama safu mbili, kila uso mdogo kama punje ya hindi. Picha hiyo ina heshima yake, na waliomo huihifadhi. Mwanafunzi haoni nafasi yake humo.

Maneno nayo yana kazi. Kichwa kisemacho “Umuhimu wa malezi ya vijana katika zama za utandawazi” humwambia kijana kwamba watu wanazungumza juu yake. “Ada imepungua, nifanye nini?” humwambia kwamba kuna mtu anazungumza naye. Jina la jarida na kichwa kikuu vikae juu, kwa kuwa wauzaji, kama wale wa stendi ya Msamvu, huyapanga yakilaliana na sehemu ya chini hufichika. Picha isipigwe saa sita mchana: jua kali hufuta maumbile ya uso mweusi, na wino wa mtambo huuongezea giza. Asubuhi, ukungu wa Uluguru ukiwa bado haujainuka, mwanga ni mpole na hauna gharama.

Hata hivyo, kuvuta jicho peke yake si sifa. Magazeti ya udaku yanatushinda sote kwa hilo. Tuliwahi kuona jarida la dini lililoandika mapenzi kwa herufi kubwa jaladani, na ndani mkawa na karipio la kurasa mbili. Wanafunzi walilifungua, wakacheka, wakalirudisha mezani. Toleo lililofuata hawakuligusa.

Lipo jambo zito kuliko hilo. Picha ya binti wa Mgeta aliyejitwika kapu la kabichi hupendeza mno. Ikiwekwa juu ya maneno kuhusu mimba za utotoni, darasa zima litamdhania kuwa ndiye anayesimuliwa, hata kama jina lake halimo popote. Jarida litasahaulika baada ya mwezi mmoja. Yeye ataishi na minong'ono hiyo mpaka amalize shule, kama ataimaliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Hivyo wanaoandaa majarida katika parokia na shule zetu wamwombe mzazi au mlezi ruhusa, kisha wamwoneshe binti mwenyewe jalada zima, pamoja na maneno yatakayokaa kando ya uso wake, kabla halijapelekwa kiwandani. Akisema hapana, picha hiyo haitoki.