Fahamu: Songwe ni mkoa, wilaya, jimbo au uwanja wa ndege?

Ni vyote vinne, ila haviko pamoja. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao makuu yake yako Vwawa, wilayani Mbozi, wala si katika Wilaya ya Songwe, ambayo makao yake ni Mkwajuni. Uwanja wa Ndege wa Songwe nao ulibaki Mkoa wa Mbeya.

Majimbo je? Mbali na Jimbo la Songwe, hadi 2015 kulikuwa na Mbozi Mashariki na Mbozi Magharibi. Uchaguzi wa mwaka huo ukaleta majina mapya: Vwawa, Mbozi, Momba na Tunduma. Mwanasiasa David Silinde, kwa mfano, amekuwa mbunge wa Mbozi Magharibi, kisha Momba, kisha Tunduma.

Nani huamua majimbo? Kwa mujibu wa Ibara ya 75 ya Katiba ya Tanzania, Tume ya Uchaguzi hugawa majimbo baada ya kupata kibali cha Rais. Mwaka 2025 Tume ilibadili majina ya majimbo 12. Jimbo la Nkenge, kwa mfano, likawa Missenyi.

Kwa hiyo, ukisikia “Mheshimiwa Mbunge wa Songwe”, fahamu kwamba mkazi wa Tunduma, ingawa yuko Mkoa wa Songwe, ana mbunge wake mwingine.