Je, Wajua? Barafu ya Kahama na Mvua Isiyotaka Kuaga

Je, wajua kwamba barafu haijawahi kuwa mbali na Shinyanga? Mji uko kwenye kimo cha mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari, na katika ukanda huu wa karibu na ikweta hewa hufikia nyuzi sifuri ukipanda hadi mita 4,700 hivi. Abiria anayesubiri basi la Kahama pale stendi ametenganishwa na baridi ya kugandisha maji kwa kilomita tatu na nusu tu. Tatizo ni kwamba ni za kwenda juu.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya mvua za radi zinazonyesha huku Kanda ya Ziwa huanza zikiwa barafu? Wingu la Machi hupanda hadi kilomita 12 au zaidi, na huko matone huganda, hugongana na kushikana, kisha hushuka yakiyeyuka njiani. Kwa hiyo theluji huanguka juu ya Geita kila mwaka. Haifiki tu.

Mara moja moja hufika. Usiku wa Machi 3, 2015, katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mvua ya mawe ikichanganyika na upepo mkali iliwakuta watu ndani ya nyumba zao. Hesabu ya kwanza ilitaja waliofariki 38, na baadaye idadi ikapita 40. Majeruhi walikuwa wengi, na mamia ya kaya zilipoteza makazi. Rais Jakaya Kikwete alikwenda Mwakata kuwapa pole wafiwa. Sijui kama kuna kijiji kingine Tanzania ambacho barafu imekiulia watu wengi kiasi hicho kwa usiku mmoja, tena katika mkoa ambao watu huutania kwa joto na vumbi.

Ukiuliza kilichoua, jibu halimalizikii kwenye mawe. Nyumba nyingi za vijijini Shinyanga hujengwa kwa tofali mbichi za udongo. Tofali hizo hustahimili jua miaka na miaka, lakini adui yao ni maji yanayotuama kwenye msingi. Barafu ikirundikana ukutani haitiririki kama maji ya mvua. Hukaa palepale, huziba njia za maji, huyeyuka polepole na kulowesha ukuta kuanzia chini, huku paa likiwa limekwishatobolewa na ukuta unalowa kutoka juu pia. Watu wengi waliangukiwa na kuta.

Je, wajua kwamba jiwe la barafu lina umri? Ukilikata katikati utaona tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Tabaka la weupe hutokea jiwe likipita kwenye baridi kali ambako maji huganda papo hapo na kufungia hewa ndani. Tabaka la kioo hutokea maji yakipata nafasi ya kusambaa kabla ya kuganda. Jiwe kubwa ni ushahidi kwamba upepo wa kupanda ndani ya wingu ulikuwa na nguvu za kulibeba muda mrefu. Upepo huo unaposhindwa na uzito, jiwe la ukubwa wa yai hushuka kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

Je, wajua kwamba huenda majani ya chai yanasaidia kutengeneza mvua ya mawe? Kericho na Nandi, nchini Kenya, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Mtafiti Russell Schnell na mwenzake walichapisha mwaka 1982 matokeo yanayoonyesha kwamba takataka za majani ya chai, zikipeperushwa hadi mawinguni, ni mbegu nzuri ya kuanzishia barafu. Shinyanga hatuna chai. Tuna vumbi.

Na Septemba 2008, karibu na Nyahururu, huko huko Kenya, wanakijiji waliamka na kukuta kilima kizima kimekuwa cheupe. Wengi waliamini ni theluji, wakaenda kuichezea. Wataalamu wa hali ya hewa wakasema hapana, ni mvua ya mawe iliyoshikamana. Kwa mtu aliyeikanyaga bila viatu sidhani kama tofauti ilikuwa kubwa.

Je, wajua kwamba jua husimama utosini mwa Shinyanga mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 11 na karibu na Oktoba 2? Mkanda wa mvua hulifuata jua, ila kwa kuchelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana Oktoba huwa ni joto la kuchoma na mawingu ya kutega masikio, mvua yenyewe ikija Novemba. Ndiyo maana pia Machi ni mwezi wa mawingu marefu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huiweka Shinyanga pamoja na Geita, Mwanza, Kagera, Simiyu na Mara katika kundi la misimu miwili: vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Mwambie hivyo mkulima wa Kishapu. Yeye mvua yake ni moja, inaanza Novemba na kwisha Aprili au Mei, na katikati yake kuna wiki za Januari na Februari zinazomnyima usingizi. Ukivuka kwenda Tabora, TMA wenyewe wanakubaliana naye: huko huiita mvua ya msimu, mmoja tu.

Hapa ndipo watu wanapolinganisha miaka vibaya. Mzee atakwambia mwaka fulani mvua ilikuwa nzuri, na ukimbana utagundua anakumbuka mvua ya mwisho. Jumla ya milimita inaweza kuwa ileile kwa miaka miwili, mmoja ukawa wa neema na mwingine wa njaa, kwa sababu tu mmoja mvua iliaga Machi na mwingine iliaga Mei. Mimi ningemuuliza kila mkulima swali moja: iliondoka lini?

Maana mvua ya kuchelewa ina marafiki na maadui ndani ya shamba moja. Mpunga ulioko kwenye majaruba unaishangilia. Dengu hupandwa wakati mvua zinaaga, kisha hukua kwa unyevu uliobaki kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ikinyesha kidogo Aprili ni heri, ikinyesha sana dengu zikiwa na maua ni magonjwa. Pamba ndiyo inayoumia. Vitumba vikishapasuka na nyuzi zikawa nje, mvua moja ya Juni inatosha kuzitia madoa, na mzigo uliokuwa uende mzani kama pamba safi unakwenda kama fifi, daraja la chini. Ni tofauti ya herufi chache kwenye stakabadhi na tofauti kubwa mfukoni.

Jikoni nako kuna kesi. Viazi vitamu huvunwa, humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani viwe michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, vinakuwa matobolwa. Kazi yote inategemea siku kadhaa za jua kali mfululizo. Wingu la Mei likitanda juu ya mwamba walikoanika, utawaona akina mama na watoto wakikimbia na ungo na mifuko, kwa sababu mchembe ulioloa siku ya pili huota ukungu, na wenye ukungu hauwekwi ghalani.

Je, wajua kwamba Kanda ya Ziwa ina kipimamvua chenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi? Ni ziwa lenyewe. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria huja kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa, wala si kwa mito, na sehemu kubwa huondoka kwa kuvukizwa na jua. Kwa hiyo kina cha ziwa ni kumbukumbu ya miaka ya mvua, na kimekuwa kikipimwa tangu 1896. Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, kutokana na mvua ambazo wazee wa mwambao bado wanahadithia. Mei 1964 likafika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda. Rekodi hiyo ilidumu miaka 56. Mei 2020 ikavunjwa kwa sentimita moja, na Mei 2024 ziwa likapanda tena juu ya hapo.

Katikati ya rekodi hizo kuna 2006, ziwa liliposhuka hadi kina ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1920. Ukame wa 2005 ulichangia, lakini lawama nyingine zilikwenda kwa mabwawa ya umeme ya Jinja kwa kuachia maji kupita kiasi. Kipimamvua chetu kina bomba chini.

Miaka mitatu ya mafuriko makubwa, 1961, 1997 na 2019, ina ndugu mmoja: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huku kwetu, ulikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukawa baridi. Mkulima wa Bukombe hajawahi kuiona bahari hiyo, ila ndiyo inayompangia siku ya kupalilia.

Na Ziwa Victoria lenyewe si la milele. Miaka kama 15,000 hivi iliyopita lilikauka, na mahali wanapovua sangara leo palikuwa na nyasi.

Je, wajua kwamba TMA wakisema “wastani” wanamaanisha miaka 30? Mvua za msimu hulinganishwa na za miongo mitatu, kisha miaka hiyo hugawanywa mafungu matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Utabiri wa “wastani hadi juu ya wastani” hausemi chochote kuhusu wiki zako tatu za ukame katikati ya Februari, na hapo ndipo mahindi yanapokufia.

Kwa Tanzania, anayetaka theluji yenyewe aende Kilimanjaro. Johannes Rebmann aliiona Mei 1848, akaandika, na wasomi wa London wakamcheka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Leo kinachobishaniwa ni itakwisha lini: kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza karibu asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Wapo wataalamu wanaosisitiza kwamba ukavu wa hewa tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikiwa haba, umechangia sana kupungua huko. Kwa maneno mengine, hata kule juu kesi ni ya mvua kutofika.

Tushuke ardhini, tena chini ya ardhi. Kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, masika ni msimu wenye sura mbili. Aliye ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, anapambana na maji: pampu zinanguruma usiku kucha, dizeli inakula faida, na ardhi iliyolowa inaongezeka uzito huku matimba yanayoshikilia kuta yakilegea. Aliye juu kwenye mwalo, anayeosha mchanga uliotoka kwenye karasha, anafurahi kwa sababu maji hayanunuliwi. Hatari nayo haikomi mvua inapokatika. Maji yanaendelea kushuka kwenye nyufa siku kadhaa, jua likiwa linawaka. Januari 2024, katika machimbo ya Ng’alita, Bariadi, eneo ambalo hadi 2012 lilikuwa mkoa wa Shinyanga, kifusi kiliua wachimbaji 22 baada ya mvua kubwa.

Radi je? Eneo la pili duniani kwa kupigwa radi mara nyingi ni Kabare, Kivu Kusini, nchini Kongo. Ziwa Victoria nalo lina ngurumo zake, hasa usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana katikati ya maji. Januari 27, 2025, radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe.

Je, wajua kwamba Shinyanga iliwahi kufyekwa kwa makusudi? Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni, kwa utafiti ulioongozwa na Charles Swynnerton, iliendesha vita dhidi ya mbung’o, na silaha mojawapo ilikuwa kuondoa vichaka. Mbung’o walipungua, ng’ombe wakaongezeka, pamba ikafuata, na kivuli kikaisha. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na dawa yake kuu haikutoka nje. Ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua kiangazi kikikaza. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000.

Kidogo cha mwisho. Tangu 2009 Kahama na Shinyanga wanakunywa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kwa bomba. Mvua ikiaga mapema, mtu wa mjini anaweza asijue. Mfugaji wa pembezoni anajua siku hiyohiyo, kwa kuangalia alama ya tope kwenye ukingo wa lambo.