Chujio la ziwa liko Kibondo

Kutengeneza maji ya bahari mahali palipo mbali na bahari kunaanza na chumvi, gramu 35 hivi kwa kila lita. Katika bustani ya wanyama ya Burgers' huko Arnhem, Uholanzi, kuna tangi la matumbawe hai linalochukua lita 750,000. Piga hesabu utaona kwamba humo mmeyeyuka zaidi ya tani 26 za chumvi. Wala si chumvi ya kupikia. Ile ya Uvinza, pamoja na sifa zake zote tangu enzi za misafara, isingefaa kitu humo, kwa sababu tumbawe hujijengea mifupa ya chokaa na kila siku linafyonza kalsiamu kutoka majini. Mtunza tangi asipoirudisha kwa kipimo, matumbawe yanaacha kukua, na baadaye yanakufa.

Mtu anayelipa kiingilio haoni hayo. Anaona rangi, samaki wa njano na wa buluu, na labda mzamiaji anayesugua kioo kwa ndani akiwapungia watoto mkono. Tangi la San Francisco, katika Chuo cha Sayansi cha California, lina kina cha zaidi ya mita saba na hubeba takribani lita 800,000. Watu husimama mbele yake wakapiga picha na kuondoka. Nyuma ya ukuta kuna mabomba, pampu, matangi ya akiba, taa, jenereta ya dharura, na daftari la vipimo ambalo halikosi kuandikwa.

Kazi kubwa ya huko nyuma ni uchafu. Samaki wakila wanatoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ikizidi mwani unaota juu ya matumbawe na kuyafunika. Kwa hiyo kuna mashine inayopuliza vipovu vidogo ndani ya bomba refu hadi povu la kahawia linapanda juu likiwa limebeba mabaki, nalo humwagwa. Samaki mgeni hukaa karantini kwa majuma kabla ya kuingizwa, maana ugonjwa mmoja ukishaingia kwenye tangi la ukubwa huo hakuna wa kuuvua. Na maji hayaruhusiwi kuwa na ukungu. Ndani ya nyama ya tumbawe mnaishi mwani mdogo sana unaotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Maji yakichafuka mwanga unapungua na tumbawe linashinda njaa. Joto nalo likizidi kiwango chake cha juu cha kawaida kwa nyuzi moja tu na kudumu kwa majuma, tumbawe linafukuza mwani huo na kubaki jeupe. Wavuvi wa Mafia, Unguja na Mombasa waliyaona hayo baharini mwaka 1998.

Kibondo, wilaya ya mkoa wa Kigoma magharibi mwa Tanzania, haina bahari wala tangi la maonyesho, na msomaji wa huko ana haki ya kuuliza habari hii inamhusu nini. Inamhusu, kwa sababu milima ya Kibondo na Kasulu inamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, ambalo ufuko wake wa mawe una kazi ileile ya matumbawe, yaani kuwapa maelfu ya viumbe nyumba, chakula na mahali pa kujificha katika eneo dogo. Tena viumbe hao wanafugwa katika matangi ya Ulaya, Marekani na Japani. Wanaowafuga wamejifunza kwa gharama kubwa yale ambayo sisi tunapewa bure.

Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na umri wa mamilioni ya miaka. Katika muda huo jamii ya perege imezaa humo aina zinazokaribia 240, karibu zote hazipatikani kwingine kokote. Tunaowafahamu zaidi ni wa mezani: kuhe, mkubwa kuliko wote katika jamii hiyo, na pembeni yake migebuka na dagaa, ambao ni wa jamii nyingine. Lakini waliolipatia ziwa sifa huko nje ni wadogo wa mawe. Kuna wanaoishi ndani ya makome matupu ya konokono, samaki mzima akiwa hazidi kidole. Kuna Tropheus, anayekwangua mwani kwenye jiwe kutwa nzima. Kuna yule mwenye kichwa chenye nundu ambaye wafugaji wanamtambua wa Kigoma kwa milia yake saba, kwa kuwa wa sehemu nyingine za ziwa kwa kawaida wana sita. Na kuna mwizi, Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake. Wengine mdomo wao umepinda kushoto, wengine kulia. Mwaka 1993 mtafiti Mjapani Michio Hori alionyesha katika jarida la Science kwamba pande hizo mbili zinapokezana wingi: wa kushoto wakizidi, samaki wanaoibiwa wanajihadhari na upande wanaoshambulia hao, na wa kulia wanapata nafasi.

Biashara ya kuwasafirisha wakiwa hai ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza kuwatuma kutoka Bujumbura. Samaki mmoja wa mapambo, Neolamprologus brichardi, amepewa jina lake. Baadaye wa upande wa Tanzania nao walianza kuondoka Kigoma ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni.

Huko wanakofika, shida ya kwanza ni maji. Ya Tanganyika ni magumu na yana asili ya magadi, pH yake ikikaribia 9. Nyingi ya chumvi zinazoyafanya hivyo zililetwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, lenye volkano jirani. Mfugaji wa Ujerumani mwenye maji laini ya bomba inambidi aongeze magadi ya kupikia na chumvi ya magnesiamu, kisha apime. Hapo kuna mtego ambao umewaua samaki wengi. Katika maji ya kawaida yenye pH 7, sehemu isiyofika asilimia moja ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, sehemu hiyo hupanda hadi zaidi ya theluthi moja. Uchafu ambao perege wa bwawani angeuvumilia unamuua samaki wa Tanganyika kabla jua halijazama. Chujio likisimama kwa sababu umeme umekatika, mfugaji haendi kulala.

Chakula nacho kina masharti. Tropheus ana utumbo mrefu wa mla mwani; akilishwa nyama, tumbo linavimba na anakufa, na mara nyingi kundi zima linamfuata. Nimewahi kuwasikia wafugaji wakijadili kinyesi cha samaki huyu kwa uzito uleule ambao sisi tunajadili bei ya maharage.

Sasa turudi ziwani kwenyewe, ambako hakuna pampu. Ziwa linajisafishaje? Kwa ukubwa wake, kwanza. Kwa upepo wa kusi, unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini kila kiangazi na kuyachanganya kiasi na ya chini. Si yote: chini ya mita 100 hadi 200 na kidogo hivi hakuna oksijeni kabisa, kwa hiyo viumbe vyote tunavyovijali vinaishi katika ukanda mwembamba wa juu. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi zaidi yanaondoka kama mvuke. Mvuke haubebi tope. Kinachoingia ziwani kinabaki ziwani.

Tope ndilo adui aliyechunguzwa zaidi. Mwaka huohuo wa 1993, Andrew Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha fuko za kaskazini mwa ziwa: zile ambazo milima yake bado ina miti, na zile ambazo milima yake imekatwa na kulimwa. Penye tope jingi aina za samaki zilikuwa chache zaidi, hali kadhalika viumbe wadogo wa chini. Sababu zake anayetunza tangi angezitaja bila kusoma utafiti. Udongo laini unaziba nafasi kati ya mawe ambako samaki wanataga na kulea. Unafunika mwani, kwa hiyo Tropheus anakwangua mchanga. Unaficha mwanga. Pwani ya Kenya, udongo wa Ukambani unaoshuka na mto Athi, ambao ukifika chini unaitwa Galana na kisha Sabaki, umekuwa ukiyasumbua matumbawe ya Malindi kwa miaka mingi. Mto ni mwingine na maji ni ya chumvi, lakini ugonjwa ni mmoja.

Kati ya mito inayoingia Ziwa Tanganyika, mkubwa kuliko yote kwa eneo unalokusanyia maji ni Malagarasi. Unaanzia nyanda za juu mpakani na Burundi, unakuwa mpaka kwa sehemu, unapita kati ya Kasulu na Kibondo, kisha badala ya kwenda moja kwa moja ziwani unazunguka mashariki na kuzama katika mabwawa makubwa ya mafunjo unakokutana na mto Moyowosi, au Muyovozi. Ndipo unageuka magharibi, unapita Uvinza na kuingia ziwani kusini mwa Kigoma. Wanajiolojia wanauona ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe: ulikuwa ukielekea Kongo kabla bonde la ufa halijaukata njiani. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na eneo lake ni zaidi ya hekta milioni tatu.

Tukiwa wakweli, tope la Kibondo si lote linalofika ziwani. Mafunjo yanalikamata. Maji yanapoingia kwenye bwawa pana yanapunguza mwendo, udongo unatua, mizizi inaushika, na kinachotoka upande wa pili ni safi zaidi. Mito mifupi inayoporomoka kutoka ukingo wa milima karibu na Kigoma mjini, Luiche ukiwamo, ndiyo inayopeleka udongo moja kwa moja. Wanaodai kwamba kila mti unaokatwa Kibondo ni samaki mmoja anayekufa Kigoma wanarahisisha mno. Lakini wenye matangi wanajua kwamba chujio nalo linajaa. Likiachwa linakuwa chanzo cha uchafu lenyewe. Bwawa la mafunjo likipokea udongo mwingi kuliko linavyoweza kuhimili, au likilimwa kila kiangazi hadi mafunjo yakaisha, mto utabaki na mfereji tu wa kupitia.

Hapa ndipo Nduta inaingia katika habari hii, na ni afadhali isemwe kwa uangalifu. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kupokea Warundi waliokuwa wakikimbia machafuko ya mwaka ule. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilikuwa na wakimbizi tangu 1996. Makumi ya maelfu ya watu wanaopika kila siku katika eneo moja watahitaji kuni, na msitu unaozunguka utaonyesha hivyo. Majiko banifu yamegawiwa, miche imepandwa, na ugomvi wa kuni kati ya wakimbizi na wenyeji umeendelea hata hivyo. Ni rahisi kumwekea mkimbizi mzigo wote. Ila mabani ya kukaushia tumbaku yanakula magogo, mkaa wa mjini unachomwa na wenyeji, na mashamba mapya ya mahindi na mihogo yanapanda milima ambayo babu zao Waha waliiachia ng'ombe na nyuki. Hayo yangekuwapo hata kama hakuna aliyevuka mpaka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mtu wa ofisini anaziona mita hizo kama mstari kwenye ramani. Kwa kaya yenye bonde jembamba lenye migomba na maharage ya kiangazi, mita 60 kila upande zinaweza kuwa bonde lote, nalo ndilo linalolisha watoto kuanzia Julai hadi mvua za Novemba. Bwana shamba akija na sheria peke yake, ataheshimiwa siku ile, na siku ya pili jembe litarudi.

Mwaka 2003 nchi nne za ziwa zilitia saini mkataba wa kulisimamia pamoja, na mamlaka yake iko Bujumbura. Uvuvi umesimamishwa kwa vipindi ili samaki wazaliane, Tanzania ikiwamo mwaka 2024, na wavuvi wa Kigoma walilipa gharama ya miezi hiyo mitatu kwa njaa yao. Hatua hizo zote zinaanzia ufukweni na kwenda majini. Kuelekea milimani zimekuwa nyepesi zaidi.

Huko Arnhem, hakuna anayetarajia chujio lifanye kazi bila kulipiwa. Kuna bajeti ya umeme, ya chumvi, ya mshahara wa wanaoamka usiku pampu inapolia. Mwenye shamba kando ya Malagarasi anayeacha mita zake 60 ziote mafunjo anafanya kazi hiyohiyo kwa ziwa lenye samaki ambao wafugaji wa Ulaya wanawanunua kwa fedha nyingi, na kwa wavuvi wa Kigoma na wa Kalemie, upande wa Kongo. Ada ndogo kwa kila mfuko wa samaki hai unaoondoka nchini, ikapelekwa kwenye vijiji vya mabondeni kununua miche, mizinga ya kisasa na mbegu za kulima juu kidogo ya bonde, isingewafilisi wauzaji. Asali ya Kibondo tayari ina soko, na nyuki wanataka miti isimame. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika ada hiyo katika kanuni za usafirishaji, na halmashauri zitakazokubali kwamba fedha zake ziende kijijini zisiishie mjini.