KIUNGULIA KIMETULIA, SAWA! NA DAWA JE?

Chipsi mayai saa nne usiku, pilipili ya kumwaga, soda baridi juu yake, halafu moja kwa moja kitandani. Si unajua tena maisha ya mjini! Saa nane usiku kifua kinawaka moto, maji machungu yanapanda kooni. Kukicha, safari ya kwanza ni duka la dawa. Unameza, unatulia. Mchezo umekwisha?

Wapi, mshikaji! Ndio kwanza unaanza.

Dawa tunayoizungumzia wiki hii ni omeprazoli na ndugu zake, esomeprazoli, lansoprazoli na pantoprazoli. Omeprazoli iliingia sokoni mwaka 1988 na kazi yake ni kuzima zile pampu ndogo tumboni zinazomwaga asidi. Ni dawa nzuri, tena imewatoa wengi kwenye mateso ya vidonda vya tumbo. Hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni hesabu ya siku.

Kule Marekani, anayejinunulia mwenyewe bila cheti cha daktari anaambiwa siku 14 basi, na asirudie mpaka ipite miezi minne. Daktari akikuandikia, mara nyingi ni wiki nne hadi nane. Haya, wewe ulianza lini? Wapo wanaojibu, "Tangu msiba wa babu," na babu ana miaka mitatu kaburini!

Siku za mwanzo unaweza kuumwa kichwa, tumbo kujaa gesi, kuharisha au kukosa choo. Hayo mara nyingi ni mepesi na huisha. Ya kuangalia zaidi ni yale yanayokuja kimyakimya kwa wanaomeza muda mrefu.

Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa madini ya magneziamu yanaweza kushuka mwilini, hasa kwa aliyemeza zaidi ya mwaka. Dalili zake ni misuli kukaza, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Kwa waliopita miaka miwili, vitamini B12 nayo inaweza kupungua: uchovu usioisha, ganzi mikononi na miguuni. Onyo la mwaka 2010 lilihusu mifupa kuvunjika, na la 2012 kuharisha kukali kusikokoma. Hii haina maana kila anayemeza yatamkuta. Maana yake ni kwamba ukiyaona, usimsingizie mchawi.

Sasa sikia mtego wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa esomeprazoli watu wazima wa afya, wasio na kiungulia kabisa, kwa wiki nane. Walipoacha, zaidi ya wanne katika kila kumi walipata kiungulia au shida kama hizo za tumbo! Waliopewa vidonge bandia hawakufika wawili katika kumi. Tumbo lililozuiwa kumwaga asidi, likiachiwa ghafla, linamwaga kwa fujo. Wewe unadhani ugonjwa umerudi, unakimbilia dukani tena. Miaka inakatika hivyo hivyo.

Ufanyeje? Chukua daftari dogo, hata la bei rahisi. Andika tarehe uliyoanza, kipimo chako, dawa nyingine unazomeza na lolote geni mwilini. Hizo dawa nyingine ni muhimu: omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, ile ya kuzuia damu kuganda. Na kama una diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo, huenda hizo ndizo zinazokuchoma tumbo.

Ukienda hospitali, nenda na daftari lako. Uliza: "Daktari, bado naihitaji?" Kama jibu ni hapana, mpunguze taratibu, siyo kukata ghafla. Lakini kama ulishatoka damu tumboni, au umepewa ili kukukinga na dawa kali za maumivu, usiache kwa kusoma gazeti! Na ukipata madhara, mwambie mfamasia au daktari ayaripoti TMDA, mamlaka ya dawa hapa kwetu. Kupokea taarifa hizo ni kazi yao.

Ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, chakula kinakwama kooni au unakonda bila sababu, usijadiliane na daftari. Kimbia hospitali. Vivyo hivyo maumivu ya kifua yakishuka mkononi na jasho likikutoka. Huo unaweza kuwa moyo, siyo chipsi.

Halafu jamani, kula mapema. Acha masaa matatu kabla ya kulala, inua kidogo upande wa kichwani wa kitanda. Hiyo dawa haiuzwi dukani, na madhara yake ni kumkosesha hela muuza chipsi wa usiku tu!