Upupu na Ubongo

Aliyekulia Magogoni, Mombasa, kabla nyumba hazijajaa Kisauni yote, hahitaji kuelezwa upupu ni nini. Ni mmea utambaao juu ya vichaka, na maganda yake yakikauka huwa yamefunikwa na vinyweleo vya kahawia ambavyo upepo kidogo tu huvipeperusha. Vikikutua shingoni ukajikuna, unazidi kuvizamisha. Kiwashacho ni protini iliyomo kwenye vinyweleo. Lakini lipasue ganda: ndani mna mbegu ngumu, na mbegu hizo zimebeba kitu ambacho ubongo wa mgonjwa unakililia.

Mwaka 1937 wanakemia wa India, Damodaran na Ramaswamy, waliipata humo kemikali iitwayo levodopa. Marcus Guggenheim alikwisha kuitoa mwaka 1913 katika aina nyingine ya maharagwe, lakini faida yake ilichelewa kujulikana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa ya reserpini, wakalegea, hata kusogea hawawezi. Alipowadunga levodopa, wakaamka. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960, mjini Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walipima ubongo wa marehemu waliougua ugonjwa wa Parkinson, wakakuta dopamini imepungua mno. Dopamini ndiyo ipelekayo ujumbe kati ya seli zinazoongoza mwendo. Ikipungua, mkono hutetemeka umetulia, hatua hufupika, uso hukakamaa.

Mbona basi mgonjwa asipewe dopamini yenyewe? Kwa sababu kuta za mishipa ya damu ya ubongo haziipitishi. Levodopa hupita, maana hutumia mlango uleule wa asidi amino zitokanazo na chakula, na ikishaingia kimeng'enya huigeuza kuwa dopamini. Mlango huo una msongamano kama kivuko cha Likoni asubuhi. Mzee akimeza kidonge cha levodopa pamoja na sahani ya maharagwe na samaki, protini huigombea nafasi hiyo, na dawa huenda isimfae kitu. Ndiyo maana wengi huambiwa wameze nusu saa hivi kabla ya kula. Kidonge huchanganywa pia na kabidopa, inayozuia levodopa isigeuzwe dopamini njiani na kumletea kichefuchefu.

Mtwapa, kaskazini mwa Kisauni, watafiti wa kilimo wameujaribu mmea wa jamii hii kwa kurutubisha mashamba ya mahindi na kulisha ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo si mgeni pwani, na mtu anaweza kushawishika kusaga mbegu zake amnyweshe babu. Nasema asifanye hivyo. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, mara nyingi asilimia 4 hadi 6, na kikizidi huleta kutapika, shinikizo la damu kushuka, hata kuona visivyokuwepo.

Linaloniuma zaidi ni wagonjwa wasiojulikana. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na daktari wanaugua nini. Levodopa na kabidopa zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ukimwona mzee wako mkono unamtetemeka akiwa ameketi tu, usiseme ni uzee wala pepo. Mpeleke hospitali akapimwe.