Kalibu ya Mchoraji

Ichukue ramani yoyote ya nyumba iliyochorwa kwa kompyuta, utaikuta imebeba michoro ya aina mbili. Aina ya kwanza inahusu nyumba: kuta, milango, ngazi, shimo la maji taka. Ya pili inahusu karatasi yenyewe: fremu inayozunguka kingo, kisanduku cha maelezo kwenye pembe ya chini kulia chenye jina la mradi, skeli, tarehe na namba ya mchoro, pengine na nembo ya ofisi. Michoro ya nyumba huanza upya kila kazi inapoingia. Ile ya karatasi hakuna anayeichora kila siku. Huhifadhiwa kwenye faili liitwalo kiolezo, na kila kazi mpya huanza kwa kulifungua faili hilo. Wachoraji wamezoea kubishana kuhusu jinsi ya kuhifadhi mistari humo, kana kwamba tatizo ni kubonyeza kitufe sahihi. Vitufe vinajifunzika kwa siku moja. Kigumu ni kujua mstari upi unastahili kuingia, na msimamo wa makala haya ni kwamba kiolezo kibebe mistari inayoizungumzia karatasi peke yake. Mstari unaosema jambo lolote kuhusu kitu kinachojengwa, ukishaingia humo, itafika kazi ambayo utaisemea uongo.

Neno kiolezo linatokana na kuoleza, yaani kufuatisha mfano. Fundi cherehani huoleza anapokata kitambaa kwa kufuata karatasi aliyokwisha kuipima, na mfyatua matofali naye ana kalibu yake. Kalibu iliyonyooka humpunguzia fundi kazi ya kupima. Iliyopinda kidogo hupindisha matofali elfu moja, tena bila mtu kushtuka, kwa sababu hakuna anayepima tofali lililotoka kwenye kalibu. Hapo ndipo ilipo hatari ya kiolezo cha kompyuta pia. Kinachochorwa kwa mkono leo hutazamwa leo, na mchoraji, mhandisi na hata mteja hukikagua kwa kuwa ni kipya. Kilichokuja na kiolezo hupita bila kusomwa, maana kila mmoja anaamini kuna mwenzake aliyekikagua zamani.

Waasisi wa fani hii waliwahi kulifikiria jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha tasnifu yake kuhusu programu ya Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta ya TX-2. Ndani ya Sketchpad mchoro mmoja uliweza kuwa mama, na nakala zake zikatawanywa popote. Mama akibadilika, nakala zote nazo zilibadilika. Violezo vingi tunavyotumia leo havina uhusiano huo. Ukianzisha mchoro kutoka faili la DWT la AutoCAD au la DRWDOT la SolidWorks, programu hunakili kila kilichomo kisha hukata kamba. Ukirekebisha kiolezo kesho, michoro mia mbili iliyokwisha kuzaliwa nacho haitapata habari. Kwa hiyo kosa lililomo ndani ya kiolezo husambaa kwa urahisi mkubwa, na kulirudisha nyuma ni kazi ya kufungua faili moja baada ya jingine.

SolidWorks inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake mistari ina makazi matatu, na anayeyachanganya hulaumu programu bure. Mstari uliochorwa ndani ya mwonekano, kwa mfano mwonekano wa mbele wa kipuri, ni mali ya mwonekano huo: hutembea nao, hukua na kupungua pamoja na skeli yake, na mwonekano ukifutwa unafutika nao. Mstari uliochorwa juu ya karatasi, nje ya mwonekano wowote, hubaki palepale. Makazi ya tatu ni umbizo la karatasi, tabaka la chini lenye fremu na kisanduku cha maelezo, ambalo haliguswi mpaka uingie kwa makusudi kulihariri, na ambalo huweza kuhifadhiwa peke yake katika faili la SLDDRT. Mtu huchora mistari yake juu ya karatasi, akahifadhi kiolezo, akafurahi kuona kila mchoro mpya unakuja nayo. Kisha siku moja anaongeza karatasi ya pili katika mchoro uleule, na mistari haimo. Haikupotea. Karatasi ya pili huchukua umbizo tu. Vitu vilivyolala juu ya karatasi ya kwanza vilikuwa vya karatasi ile. Anayetaka mstari uonekane kila karatasi auweke kwenye umbizo.

Mistari inayostahili kuwekwa huko inajulikana, na viwango vya kimataifa vimekwisha kuipima. Kiwango cha ISO 5457 kinaacha milimita 20 upande wa kushoto ili karatasi itobolewe na kuwekwa kwenye jalada, na milimita 10 pande nyingine. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Toa 20, toa 10, zinabaki 180, na huo ndio upana ambao kiwango cha ISO 7200 kimekipa kisanduku cha maelezo, ili kisanduku kilekile kienee kwenye A4 na kwenye A0 yenye milimita 841 kwa 1189. Hesabu ya namna hii haibadiliki kwa sababu mteja amebadilika, kwa hiyo haina haja ya kurudiwa. Ningeongeza mistari ya kuongozea: michoro myepesi inayoonyesha mwonekano wa mbele ukae wapi, wa juu wapi, na nafasi ya orodha ya vipuri iachwe upande gani. Iwekwe kwenye leya isiyochapishwa. Ofisi ikiwa nayo, michoro ya watu watano hufanana kama iliyotoka mkono mmoja, na fundi anayesoma hapotezi muda kutafuta.

Sasa tuugeukie mshale wa kaskazini, mchoro mdogo unaopendwa sana kuhifadhiwa kwenye violezo. Huwekwa pembeni ukitazama juu, na kila ramani huzaliwa ikidai kwamba juu ya karatasi ni kaskazini. Kiwanja hakijui hilo. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mahali ambapo kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua asubuhi na alasiri mwaka mzima, na kwa sababu hiyo wasanifu hupendelea kuelekeza upande mrefu wa nyumba kaskazini na kusini. Mshale ambao haukuzungushwa humpa mjenzi nyumba yenye vyumba vya kulala vinavyochomwa na jua la saa kumi, ilhali kila ukuta umechorwa kwa vipimo sahihi. Hapo ramani haina kosa lolote isipokuwa mistari mitatu ambayo hakuna aliyeichora kwa ajili ya kiwanja hicho.

Katika ufundi wa vyuma, mfano wake ni alama ya koni iliyokatwa kichwa, inayoonyesha mionekano imepangwa kwa mfumo gani. Marekani hutumia mfumo wa pembe ya tatu, Ulaya kwa sehemu kubwa ya kwanza. Alama ikiwa ni mistari mitupu ndani ya kiolezo, haibadiliki mchoraji anapobadilisha mpangilio wa mionekano, na tundu lililotakiwa kulia huishia kushoto. Hata maneno huzeeka. Ofisi nyingi zina kiolezo chenye dokezo la ISO 2768-mK, linaloeleza vipimo visivyo na masharti maalumu vinaruhusiwa kuzidi au kupungua kiasi gani. Ile herufi K inaelekeza kwenye sehemu ya pili ya kiwango hicho, iliyoondolewa mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na ISO 22081. Dokezo bado linachapishwa.

Atakayepinga atasema: ofisi inayochora mageti na grili za madirisha kila wiki, iache kuhifadhi grili kwenye kiolezo na kuichora upya? Hapana, ila kiolezo sicho ghala lake. Grili ihifadhiwe kama bloku, yaani mchoro uliohifadhiwa peke yake, iitwe inapohitajika, ili anayeiita awe ameichagua yeye. Na kinachopaswa kubadilika kwa pamoja, kama nembo au anwani ya ofisi, kwenye AutoCAD kinaweza kubaki katika faili la nje linalorejewa na michoro yote. Ukilirekebisha mara moja, michoro inalifuata pale inapofunguliwa. Hapo kamba ya Sutherland inarudi. Jina la mradi na namba ya mchoro navyo visiandikwe, visomwe kutoka kwenye sifa za faili.

Wengine husema violezo ni mambo ya makampuni makubwa, na kwamba ofisi ya watu wawili inatosheka kufungua ramani ya zamani, kuihifadhi kwa jina jipya na kufuta yasiyohitajika. Njia hiyo ni ya haraka, sikatai, lakini ramani ya zamani ni kiolezo kibaya kuliko vyote, maana imejaa maamuzi ya kiwanja kingine na mteja mwingine, na usalama wake wote unategemea kumbukumbu ya mtu anayefuta akiwa amechoka. Hoja nzito zaidi ni ile ya walimu, kwamba kijana anayeanzia kwenye kiolezo hajifunzi kwa nini kushoto kuna milimita 20. Ni kweli, na dawa yake ni kumtaka atengeneze kiolezo chake mwenyewe kabla hajapewa cha ofisi.

Limebaki suala la mhuri na saini. Wapo wanaohifadhi picha ya mhuri wa mhandisi ndani ya kiolezo ili kupunguza usumbufu. Mhuri huo ni kauli ya mtu kwamba mchoro huu ameusoma, na kiolezo hakijasoma kitu. Kama kiolezo cha ofisi yako kina picha hiyo, ifute kabla hujafungua kazi nyingine, na ukiwa humo ufute na mshale wa kaskazini.